Mtoto Amepata, Mama Amekosa

Jumapili, Julai.

Durban kuna jua leo, lile la majira ya baridi, linang'aa tu bila kuchoma. Upepo unatoka bandarini. Nimefungua madirisha yote, nikayafunga, nikayafungua tena. Sijui nataka nini.

Grâce ameondoka jana.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiangalia muda mrefu. Binti yangu ana miaka minne. Ameondoka na baba yake kwenda Uingereza, na mimi mama yake nimebaki, kwa sababu sheria ya huko inamtambua yeye kuwa mtoto wa baba yake lakini hainitambui mimi kuwa mke wa mume wangu. Anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza anivumilie, leo nitaeleza kuanzia mwanzo. Hata mimi nahitaji kuelezwa.

Mume wangu Pascal ni Mkongo kama mimi, wa Uvira, ila alilelewa Ubelgiji akapata uraia wa huko. Enzi zile Mbelgiji alikuwa anaingia Uingereza kama mtu anayeingia sebuleni kwake, na mkewe anamfuata bila maneno mengi. Pascal akaenda, akapata kazi ya ghala kupitia ajensi, zile zinazopeleka wafanyakazi kwenye makampuni ya watu. Tulikutana hapa Durban alipokuja kwenye harusi ya kaka yake. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la sambusa. Akaomba moja, akarudi akaomba nyingine, aliporudi tena nikamwambia wewe shida yako si njaa.

Ndugu zake wakaja kwetu. Posa ikapokelewa, mahari ikatolewa, wazee wakala wakashiba. Ikabaki harusi yenyewe, ya serikali na ya kanisani, na tarehe tulikuwa nayo. Halafu bibi yangu mzaa baba akafariki kule Uvira.

Kwetu nyumba yenye msiba haifanyi harusi. Unasubiri mwaka uishe, ndugu wakutane, matanga yaondolewe, ndipo watu wacheze. Baba mkubwa Anatole, ambaye ndiye mkuu wa familia yetu hapa Durban, alitamka hivyo na hakuna aliyebisha. Mimi pia sikubisha. Bibi ndiye aliyenifundisha kuomba, na sikutaka kuvaa shela juu ya kaburi lake bichi.

Tena hatukuishi nyumba moja, mimi na Pascal. Msichana wa kwaya hahamii kwa mwanaume kabla ya harusi, na sisi tulijivunia hilo. Alipokuja likizo alilala mtaa wa Morningside, hapahapa Durban, kwenye kile chumba cha nyuma alichopewa kaka yake anayelinda nyumba ya watu. Mimi nililala kwetu. Tulikutana kanisani na kwenye vibanda vya chipsi, kama watoto wa shule.

Tulipoondoa matanga, korona ikafunga ndege. Mwaka ukaisha. Na kumbe ule mwaka ndio uliokuwa mlango.

Waingereza walikuwa wameshajitoa Ulaya, ile Brexit yao. Wakasema raia wa Ulaya waliokwisha kuhamia kwao wanaweza kubaki, na mke wa mtu huyo anaweza kumfuata, mradi awe alikuwa mkewe kabla mwaka ule haujaisha. Kama hakuna cheti cha ndoa, basi mwonyeshe kwamba mlikuwa mnaishi pamoja.

Cheti hatukuwa nacho kwa sababu tulimheshimu marehemu. Kuishi pamoja hatukuishi kwa sababu tuliwaheshimu walio hai.

Harusi tulifunga ndege ziliporudi. Ilikuwa kubwa, watu walicheza mpaka visigino vya viatu vikang'oka. Hakuna aliyejua kwamba tumechelewa. Tulikuja kuambiwa baadaye na wakili wa kule, na Pascal akanieleza kwa simu, kwa Kifaransa, lugha anayoikimbilia anapoogopa.

Grâce yeye hana tatizo. Mtoto wa mtu aliyekubaliwa anapokelewa, hata kama alizaliwa baada ya mlango kufungwa. Mama yake hapana. Nimewauliza watu wengi wanifafanulie hapo. Wote wananifafanulia vizuri kabisa, na bado haiingii.

Iko visa ya kawaida ya mke. Hiyo inataka mume awe na mshahara wa kiwango fulani, na ajensi haimfikishi huko. Mwanzoni, Wapolandi na Waromania walipoanza kurudi makwao, kazi ilijaa hadi Pascal akawa hapati muda wa kulala. Kisha ile kampuni ikachoka na makaratasi ya mpakani, ikahamishia mizigo mingi kwenye ghala lake la Uholanzi. Siku hizi ajensi inampigia alfajiri kumwambia kama kuna kazi au hakuna. Wiki nyingine anashinda amekaa kitandani na viatu vya kazi miguuni, anaangalia simu. Ubelgiji nako akirudi hana kazi, na huko pia wanataka kazi kwanza ndipo uite mke. Ajensi yenyewe nasikia imepunguza watu ofisini, na yule mama aliyekuwa akimpangia Pascal zamu ameondolewa. Hata wa kumlaumu simpati.

Mimi nafanya kazi kwenye ghala la baridi huku Clairwood. Huu ni msimu wa machungwa, na kazi yangu ni kubandika lebo kwenye paleti za mbao zilizopangwa makasha, hizi za Ulaya, hizi za Uingereza. Ya Ulaya yanakaguliwa mpaka kidoa kwenye ganda. Ya Uingereza siku hizi yamelegezewa, tangu wajitoe hawadai tena hata kile cheti cha magonjwa ya mimea. Msimamizi wetu, Mzulu mmoja mcheshi, alitutangazia hilo kwa furaha, akasema Uingereza sasa ni mteremko. Nilicheka pamoja na wenzangu. Kisha nikaenda chooni na lile koti langu zito la kazini, nikalia humo mpaka mtu akagonga mlango.

Nimelionea wivu chungwa. Naandika hili hapa ili nisije nikajifanya mtu mwenye akili kuliko nilivyo.

Najua mtauliza, kwa nini basi umemwachia mtoto?

Grâce ana pumu. Baridi ilipoanza mwaka huu kifua kilimbana, nikamfunga mgongoni tukaenda kliniki. Getini walisimama watu, si wahudumu wa kliniki, ni raia tu, wanamwuliza kila anayeingia kitambulisho cha Afrika Kusini. Mama mmoja kati yao aliitazama karatasi yangu ya ukimbizi, ndiyo pekee niliyo nayo nchi hii, akanirudishia. Hakunitukana. Alisema polepole, "Eish, my sister. Not here." Nafikiri naye alikuwa na wajukuu. Nikamtafuta daktari wa kulipia, akamtibu, mtoto akapata nafuu. Lakini njia nzima nilikuwa nasikiliza ile pumzi yake mgongoni kwangu, inavyopiga mluzi, na nilipofika nyumbani nilimwandikia Pascal maneno mawili tu. Njoo umchukue.

Dada yake Pascal, wifi yangu Clarisse, anaishi mji huohuo na watoto wake wamekua. Ndiye atakayekaa na Grâce baba yake akiwa kazini. Clarisse ni mtu mwema. Ningependa angekuwa mbaya kidogo.

Jana uwanja wa ndege Grâce alikuwa amevaa koti la baridi lililomzidi, mikono inaning'inia. Alitaka kusukuma kigari cha mizigo yeye mwenyewe, tukamwachia, akawagonga watu miguuni. Foleni ilipotufikia akaniuliza, "Mama, weye utakuya na avion ingine?"

Nikamwambia, "Ndiyo, ingine."

Pascal aliangalia chini. Tulikuwa tumekubaliana kumwambia ukweli, tena tuliupanga ukweli wenyewe tukaketi tukauchagulia maneno mepesi, na ulipofika wakati wake nikadanganya. Sijui kama ningeweza vingine.

"Mado, nitamulinda," Pascal akaniambia.

"Najua."

Yeye ndiye aliyelia. Alijifuta kwa kofia ya mtoto, kisha akamvalisha ikiwa imelowa. Ni mwanaume mzuri, sikuwa nimemwona tangu mwaka juzi, na tumekuwa pamoja kwa likizo hii fupi tukifungasha nguo za mtu mwingine. Hatukupata hata jioni moja ya kugombana.

Leo kanisani sikwenda. Ibada ilipoisha akina mama wa kwaya wakaja hapa na chakula cha kwetu, sombe ya majani ya muhogo na fufu, na Baba mkubwa Anatole akaja nao. Bila mtu kuamua, wakasogeza viti ukutani, wakatandika mikeka, wakaketi chini. Ndivyo wanavyojua kukaa na mtu anayelia. Baba mkubwa naye akashuka chini taratibu, akishika ukuta, magoti yanamsumbua.

"Mutoto wangu," akasema, "ni mimi nilisema tungoje."

Kwa miaka yote hii nilikuwa nimemwekea huyu mzee maneno. Mengine niliyapanga nikibandika lebo, nikayanoa, nikayarudia mpaka nikayajua kwa moyo. Leo alikuwa mbele yangu na mlango uko wazi kabisa, nikayatafuta maneno yale, nikaona tu jinsi alivyonyoosha mguu mmoja kwa sababu haukunji tena. Na nikakumbuka kwamba na mimi nilisema ndiyo.

"Papa mukubwa, hapa hakuna mutu alikufa," nikamwambia. "Ikaleni ku viti."

Hakuna aliyeinuka. Mama mmoja akajisogeza kidogo, pakapatikana nafasi mkekani. Basi nikaketi.

Simu ililia tukiwa bado tunakula. Nilikimbilia chumbani, nikajifuta uso kwanza ndipo nikapokea. Walikuwa wamefika. Nyuma ya Grâce niliona jiko la Clarisse, jeupe, na dirisha lenye mvua. Alikuwa anakula mkate, siagi imemjaa mpaka shavuni. Anapumua vizuri. Nilisikiliza hilo kabla ya kitu chochote.

"Mama, Tantine Clarisse iko na paka," akasema. "Iko naficha chini ya kiti."

Nikamwuliza paka anaitwaje. Alikuwa ameshaiweka simu mezani. Nikabaki naangalia dari ya nyumba ya watu na kumsikia akicheka kwa mbali, mpaka Pascal akaja kuichukua.

Wiki nzima nilimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba Grâce asilie. Hakulia uwanjani. Pascal anasema hakulia kwenye ndege. Leo hakulia, na hakuniuliza niko wapi.

Nimesikilizwa. Kesho nitaamka kwenda kazini, na kabla ya kutoka nitapiga magoti kama nilivyofundishwa. Sijui nitaomba nini.