Mukono Wenye Kubakia Dilala

Mwene-Ditu

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Mugongo unaendelea namna gani? Kikohozi kilikuacha? Sisi tuko bazima, Mungu anatulinda. Ntumba anatembea sasa, na kila mwanamuke muzee anamwita nkambo, bibi yake, anafikiri ni wewe.

Mama, kwanza hii: kama haujachimba, usichimbe. Mi ndiye nilikutumia neno kwa yule tata mwenye kufanya kazi mu treni. Leo nalirudisha.

Unajua mashine ilikula mukono wa kushoto wa baba Ntumba kule mugodi ya Mashamba. Tukauzika nyuma ya jikoni yetu pale Dilala, halafu bakatufukuza juu ya kabila ya baba Ntumba, bakatupakia mu treni kidonda hakijapona. Huku akawa halali usiku, analalamika: bidole bimekunjwa, kucha zinaingia mu kiganja. Kiganja gani, Mama? Pale hakuna kitu! Shangazi yake akaniuliza, "Mukono muliuzika namna gani?" Nikastuka. Mi mwenyewe nilikunja bile bidole, mukono upate kuingia mu kopo ya maziwa. Ndiyo maana nilikuomba uufukue, ubinyooshe. Kisha woga ukanishika: mu ile nyumba banalala sasa bale vijana benye kututoa. Bakikukuta na jembe?

Juma iliyopita nikamupeleka kwa munganga wa misioni, mama mumoja muzee. Akasema mukono unakatwa, lakini bongo inaendelea kuuhesabu ni wake. Inautuma ufunguke, haioni kitu, inazidi kuukaza. Akasimamisha kioo mbele ya kifua, mukono uliokatwa nyuma yake, ule muzima mbele.

"Angalia mu kioo, tata. Funga yote mbili. Sasa fungua polepole."

"Unanidanganya kama mutoto?"

"Mimi? Kichwa yako ndiyo inakudanganya. Acha na sisi tuidanganye kidogo."

Akafungua. Mu kioo, mukono wa kushoto nao ukafunguka. Mama, huyu mwanaume hakulia siku ya treni. Pale alilia. "Mama Ntumba, bimenyooka!"

Maumivu yanarudi, sikufichi. Lakini tulipewa kipande cha kioo, na kila asubuhi nakishika mi mwenyewe, Ntumba anachungulia nyuma anatafuta ule mukono.

Unisalimie kaka mukubwa, na jirani yule mwenye kutupikia bukari, ugali ya kula njiani, bila kuogopa macho ya watu.

Na ukipita karibu na jikoni yetu, usisimame. Salimia mukono mu roho tu. Kati yetu sote, ni ule mukono tu hawakuufukuza. Uuambie mwenye mukono ameanza kulala.

Mi binti yako mwenye kukuwaza,
Mama Ntumba