Dozi ya Marehemu Baba

Chemba

Kaka Habibu, shikamoo.

Mtama tumevuna, na bati la jikoni limezibwa.

Zile dawa za makovu ya mapafu ulizomtumia marehemu baba zilibaki. Tangu tumzike, mama huzipeleka chumbani kwa baba pamoja na uji, mara tatu kwa siku. Nilipomkanya akanijia juu: "Daktari alisema asikatishe dozi. Wewe ndiye daktari?"

Bakuli linarudi tupu. Kikohozi tulikisikia sote, nikasingizia mbuzi. Sasa kinapungua. Dawa inamfaa kuliko alipokuwa hai.

Mama akikuomba kopo jingine, nakusihi usitume. Jana baba hakukohoa kabisa. Aliniuliza, kwa sauti safi, wewe unarudi lini.

Mdogo wako anayelala kwa jirani,
Naima