Miaka Miwili Niliyokupunguzia

Mjukuu wangu mpenzi,

Sisi hatujambo. Paka wa bibi yako amezaa ndani ya kabati la vitabu vyangu.

Sasa nikueleze taratibu. Chuo cha ng'ambo kilitaka barua ya mwalimu anayekufahamu. Nikaandika kwa fahari kwamba nilikupakata siku uliyozaliwa, nikataja na mwaka. Mwaka wa kweli! Nikasahau kwamba ulipochelewa kuanza shule kwa maradhi, mimi mwenyewe nilikuchukulia cheti cha kuzaliwa chenye umri pungufu, na pasipoti ikafuata cheti.

Jana watu wa chuo waliniuliza mwaka upi ni sahihi, wa barua au wa pasipoti. Bibi yako anasema, "Mzee, waambie umesahau! Uzee nao utufae siku moja."

Njia ya mwongo ni fupi, niliwafundisha watoto wa watu. Yangu imechukua miaka kumi na miwili, na mwisho wake umekuangukia wewe. Nikisema kweli, huenda wakakunyima nafasi. Nikidanganya tena, utaishi huko ukiogopa kama ninavyoogopa leo.

Wanasubiri hadi Ijumaa. Mara ile sikukuuliza. Safari hii sitaandika neno kabla hujaniambia.

Babu yako,
mwalimu wako wa kwanza