Santuri ya Wezi wa Benki

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Pokea salamu zangu, za hapa nyumbani na za mtaa mzima, maana hata wasiokupenda huniuliza habari zako. U hali gani? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Wifi yangu hajambo? Na huyo mtoto, ambaye mimi shangazi yake namjua kwa picha tu, bado hataki kuvaa viatu? Picha yake nimeiweka dirishani, na kila anayeingia namlazimisha akiri kwamba tumefanana.

Mimi ni mzima. Bado napiga pasi kwa yule dobi wa karibu na stesheni: mashati ya watu wa ofisini, mashuka ya hoteli, na suruali ambazo wenyewe wamezisahau. Magoti yanalalamika, lakini kazi haijui magoti.

Kuhusu Baba nitakueleza ilivyo. Moyo wake umechoka. Miguu inavimba, analala ameketi, na kutoka kitandani hadi mlangoni lazima apumzike njiani. Daktari alituambia wazi kwamba dawa ni za kumpunguzia taabu tu, si za kumponya. Baba alimshukuru, kisha akamwambia kuwa kitasa cha ofisi yake kimelegea na akichelewa kitamfungia ndani. Ndivyo alivyo fundi kufuli wetu.

Lililonifanya nishike kalamu leo ni jambo dogo, huenda ukacheka. Unaikumbuka ile santuri ya wezi wa benki? Huwezi kuwa umeisahau. Kila Jumapili Baba alibana ufunguo kwenye jiliwa, akapiga tupa, sisi wawili tukiwa sakafuni tunapanga funguo kwa ukubwa, na gramafoni juu ya rafu inapiga muziki wa filamu ambayo hatukuwahi kuiona. Baba alisema si ya watoto. Tulipokua, jumba la sinema lilikuwa limeshageuzwa ghala la saruji. Kwa hiyo filamu nzima tuliitazama kwa masikio.

Upande mmoja ulikuwa umebanduka karatasi ya katikati, na Baba alishika msimamo kwamba wenye jina la filamu ndio mwanzo. Basi zilianza ngoma na tarumbeta, magari yakipiga kona, watu wakikimbia juu ya mapaa. Akiigeuza, lilikuja gitaa la besi peke yake, linanyata, na kinanda nyuma yake kwa mbali. Wewe ulikuwa unauliza kila mara, "Sasa wanafanya nini?" Baba anapuliza vumbi la chuma, anajibu, "Wanarudisha." Tukawaona wakiingia kwa mlango wa nyuma, wakiweka kila kitu mahali pake, wakifunga, wakienda kulala makwao. Wewe ulikuwa umeshalala kabla yao.

Juzi binti yangu alichoka kunisikia nikilalamikia redio ya kazini. Akaitafuta ile santuri kwenye simu, akaipata nzima, kwa mpangilio wa waliotengeneza, na majina ya nyimbo yote. Akanivalisha hedifoni, akaenda zake shuleni.

Nilikuwa na shati jeupe mezani. Likaanza gitaa la besi, peke yake, taratibu. Nikadhani mtoto amekosea, ameanzia mwisho. Nikaitazama simu: wimbo wa kwanza, "Kuusoma Mlango". Zile nyayo tulizoambiwa ni za watu wanaorudisha vitu, kumbe ndiyo kwanza wanakwenda kupima pa kuingilia. Wanaingia, wanafungua sefu, kengele inalia, ndipo zinapokuja ngoma na tarumbeta. Wimbo wa mwisho unaitwa "Juu ya Paa". Wanakimbia, wanakimbia, kisha muziki unakatwa na wao bado wanakimbia. Hakuna anayefika nyumbani, wala hakuna kinachorudishwa.

Nililia, Msumari. Nililia pale pale mpaka dobi akaja kuuliza kama nimeungua. Sikuwalilia wezi wa benki. Nilikulilia wewe.

Sitazunguka, maana baina yetu hakuna wa kumficha. Ulilifungua duka la fundi saa, jirani yetu, kwa mikono aliyoifundisha Baba, ukachukua saa za watu, ukapanda treni. Baba alikaa muda mrefu bila mteja, kwani nani atampa ufunguo wa nyumba yake baba wa mwizi? Hayo unayajua, na najua ndiyo yanayokufanya kila barua uandike "mwakani". Mwakani zako nimezisoma nyingi. Baba hana mwakani.

Kesho yake niliusikiliza tena ule wimbo wa kwanza, nikiwa nimefumba macho. Muziki ukiwa peke yake hauna sura ya mtu. Nikajaribu kumwona mwizi, nikashindwa. Anayenyata kwenda kuiba na anayenyata kurudi kwao asiwaamshe watu, hatua zao ni zile zile. Nilirudia mara nyingi mno, mashuka ya hoteli yakanisubiri.

Jioni nikampelekea Baba simu, nikamwambia, "Baba, tumekosea tangu utotoni. Santuri tuliipiga kinyume."

Alisikiliza mpaka nyimbo zikaisha, kisha akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Kinyume cha nani? Filamu ile niliiona kabla sijamwoa mama yenu."

"Na karatasi iliyobanduka?"

"Niliibandua mwenyewe, kwa mvuke wa birika. Na lile jalada lenye majina nikalichoma jikoni."

Yaani mzee wetu, anayechukia kubahatisha hata meno ya ufunguo, alikaa na birika akaharibu santuri yake kwa makusudi! Nikamwuliza sababu.

"Nilikuwa na watoto wawili wanaofungua kufuli kabla hawajajua kusoma," akasema. "Niwapigie watu wanaiba, wanakimbia, basi, imekwisha? Nikaona bora waanze na kukimbia. Ili mtu akishakimbia, ajue bado kuna upande wa kurudi." Akavuta pumzi kwa shida. "Hata yule alipoondoka sikubadilisha. Nilipiga hivyo hivyo mpaka gramafoni ikafa."

Wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo, nikimsikia kila Jumapili, nikidhani ni mazoea ya mzee tu.

Kama unamwogopa fundi saa, jua kwamba huja kila jioni kukaa na Baba. Hubishana kuhusu vidonge, kipi kimezwe kwanza, na wote wawili hawaoni maandishi. Nilimwuliza mbele ya Baba, "Mzee, yule kijana akirudi utamfanyaje?" Akafikiri. "Zile saa zingeshakufa zote sasa. Ninayo moja mfuniko umenigomea, ataufungua yeye, si ndiyo kazi yake?" Baba akadakia kwamba mtoto akinyea kiganja hakikatwi. "Hakikatwi," fundi saa akajibu, "lakini huoshwa."

Kwa hiyo njoo ukijua kuna kuoshwa. Utakwenda dukani kwake mchana, watu wakikuona, utamwamkia, utaomba radhi. Nitakusindikiza mpaka mlangoni. Ndani utaingia peke yako, nami sitachungulia, ingawa unajua itakavyoniuma.

Njoo, ndugu yangu. Njoo na wifi na mtoto. Chumba cha nyuma nimekitoa masanduku na kukipiga deki, na shemeji yako amekaza miguu ya kitanda, kwa hiyo kisingizio cha pa kulala hakipo. Kama huna cha kubeba, njoo mikono mitupu. Usingoje kununua koti, usingoje kupandishwa cheo. Ukifika ukamkuta ana pumzi ya kukutukana, utakuwa umefika mapema.

Shemeji yako anakusalimu, na anauliza kama huko bado unashangilia timu inayofungwa. Binti yangu anakusalimu, anasema hakukumbuki lakini sauti yako kwenye simu anaijua. Jirani fundi saa amesema nikuandikie kwamba amesema "hujambo", na kwamba hilo lisichukuliwe kuwa ni zaidi ya hapo. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na umwambie wifi kwamba namwombea subira, maana nakujua. Mungu awalinde nyote na awafikishe salama.

Baba hakutumii salamu. Nilimwuliza mara ya kwanza akatikisa kichwa. Nikamwuliza tena nilipokuwa nafunga barua. Akasema salamu za mwanawe hampi mtu abebe, anazo mwenyewe, atakupa ukifika.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata ukiudhi.