Pikipiki Ni Yake Nani

Baba,

Nilikupoteza Jumanne ya wiki ya tatu ya Kwaresma, saa saba na robo mchana, bakuli la uji likiwa bado la moto mkononi mwangu. Leo ni Jumatano, siku ya thelathini na saba. Jumamosi ni arobaini yako, na Jumamosi hiyo hiyo ukoo unakaa kuamua nani achukue pikipiki yako, Sofa. Ndiyo maana nakuandikia leo.

Kwanza habari za nyumbani. Mvua zinaelekea kukata. Mashine yangu ya kusaga pale Mshangano inafanya kazi, watu wanapanga ndoo tangu alfajiri. Sofa iko barazani chini ya turubai. Kila Jumapili nikitoka misa naiwasha dakika kumi ili betri isife, kama ulivyokuwa ukifanya. Cheni nimeiosha kwa mafuta ya taa, nimeipaka oili, nimeikaza: ukiinyanyua katikati inapanda vidole viwili tu. Upepo ishirini na nane mbele, thelathini na mbili nyuma. Plagi zote mbili nimezisugua na nafasi yake nimeipima kwa kile kipande chako cha msumeno wa chuma. Kimepita kwa kukwaruza kidogo, kama ulivyopenda.

Unakumbuka siku ulipoileta? Yule mzungu mjenzi wa madaraja alikuwa anarudi kwao, akakuachia wewe kwa sababu ndiye fundi pekee aliyewahi kuifungua ikafungika tena. Mji mzima, wenye pikipiki walikaa wima kama wako kanisani. Wewe ulikaa umeegemea, miguu mbele, mikono juu, kama mtu aliyepumzika sebuleni kwake. Vijana wa stendi ndio walioipa jina. "Mzee wa Sofa, tukaribishe chai!" Nawe bila kupunguza mwendo: "Sukari njooni nayo!" Walicheka mpaka wakashika magoti, maana foleni za sukari zilikuwa zimeisha juzijuzi tu na kila mtu alikuwa bado ana hasira nazo.

Miaka ile ya kwanza vipuri havikuwepo. Gasketi ulikata kwenye boksi la viatu, ukalilowesha oili usiku kucha. Baadaye maduka ya watu binafsi yakafunguliwa, plagi zikaonekana, taa zikaonekana, ila tairi lake la nyuma, lile pana, halikuonekana kamwe. Tulilisubiri kwa basi la Dar wiki sita. Lilipofika ulilinusa kwanza. Ukanipa na mimi ninuse.

Na safari za Madaba! Mimi nyuma, nimefunga kanga juu ya koti, ukungu unaingia shingoni, lami inapinda na wewe unapinda nayo polepole. Mtu akitupita ulisema, "Mwache awahi. Sofa haikimbizwi, inatembezwa." Sitini. Hata mteremkoni sitini. Mlio wake ulikuwa wa chini, nauhisi zaidi kwenye mifupa kuliko masikioni. Njia ya Namtumbo ilikuwa kinyume: vumbi, na tukirudi kazi yangu ilikuwa moja, kufungua chujio la hewa na kuliosha kabla hata sijanawa uso. Miaka minane niliosha lile chujio. Oili ya injini kitabu kilisema kilomita elfu tatu, wewe ukasema kitabu hakijawahi kula vumbi la Namtumbo, tubadilishe kila elfu moja na mia tano. Nilikuwa naandika mimi, ukutani, kwa mkaa.

Mashine ya kusaga niliisimamisha mwenyewe, Baba, bila mume na bila mjomba. Lakini sikio la kusikia injini inayolalamika nililipata kwako, kwenye Sofa. Hilo sijawahi kukuambia.

Nikuambie na linalonikera. Mbele ulinikalisha mara moja tu. Ilikuwa Mshangano, barabara imenyooka, hakuna mtu. Ukasimama, ukashuka, ukasema, "Tekla mama, kaa mbele." Nikaona nchi yote iko kati ya vioo viwili. Nilikuendesha mpaka kwenye kona ya nyumbani, ukashuka ukaniondoa kwenye usukani, ukasema, "Usimwambie kaka yako." Saa ya kilomita inasoma thelathini na moja elfu na ushee. Katika hizo, kilomita nne na nusu ndizo zangu.

Kaka Deo naye aliendesha siku alizotaka. Aliunguza klachi mara mbili. Nani alibadilisha sahani za klachi? Mimi na wewe, sakafuni, yeye akiuliza kama itakuwa tayari Jumamosi kwa ajili ya harusi ya rafiki yake.

Sasa ile Jumanne. Baba mdogo alikuwa ameketi kitandani pako, ameshika mkono wako. Mimi nilikuwa mlangoni na uji. Deo alikuwa ndiyo kwanza ameingia, tumesimama bega kwa bega. Ukafungua macho, ukatuangalia huko mlangoni, ukamwambia Baba mdogo, "Pikipiki ni yake." Ukafumba macho. Uji hukuunywa.

Yake nani, Baba?

Ningenyamaza. Lakini siku ya mazishi mtani wako Mbena alifika kutoka Njombe, akachukua kofia yako ngumu na koti lako, akapanda Sofa pale uani mbele ya waombolezaji. Akakuiga, Baba, mpaka kikohozi. "Usiguse hapo, we, mikono ina ugali!" Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Mimi pia. Kisha akapiga honi, akapaza sauti: "Haya Wangoni, nani anarithi? Au nirudi nayo kwetu, maana kwenu hakuna anayejua kuiwasha!"

Deo akasema, "Ni yangu. Mzee alisema."

Nikasema, "Mzee alisema yake."

Mtani akashuka taratibu, hata akasahau kudai ada yake ya utani ndipo aturudishie kofia.

Baba mdogo anasema yake ni ya mtoto wa kiume, Kiswahili kinajieleza. Nimemjibu, shikamoo kwanza, halafu: Baba mdogo, Kiswahili hakijielezi. Yake haina suruali wala gauni. Ameniambia nina mdomo. Ni kweli ninao.

Pikipiki yangu naweza kununua, hilo unalijua. Sitaki ya dukani. Nataka kujua, ulipotazama ule mlango, ulimwona nani.

Basi ukoo unakaa Jumamosi saa nne asubuhi. Ukisema Deo, nitampa ufunguo mbele ya wote na nitamwonyesha swichi ya mafuta ya akiba ili asikwame Lukumburu. Nitanung'unika, lakini nitamwonyesha. Ukisema mimi, nakuahidi oili kila elfu moja na mia tano, na sitini hata mteremkoni. Usinijibu kwa kuifanya igome. Nimeshaikagua, itawaka kwa kiki ya kwanza. Usinitumie ndoto ya mafumbo, sina muda wa kutafuta wa kuitafsiri.

Lala salama, Baba yangu. Nimekukosa kuliko ninavyoweza kupima. Ila kabla ya saa nne, njoo kwangu au kwa Baba mdogo, popote utakapoona pepesi, na usiseme yake. Taja jina.

Mwanao,
Tekla