Baba, Usiguse Printa

Shikamoo Baba. Printa usiiguse. Mama, mlinde asiikaribie.

Mimi na Dada tumefukuzwa kwenye usajili chuoni. Ule ukurasa wa matokeo ya Dada uliouchapa asubuhi umekatika upande wa kulia: masomo yapo yote, alama hakuna hata moja. Badala ya kuniamsha, mtu mzima ukachukua kalamu ukazijazia! Tena Hesabu ukampa A, wakati alipata C na kila mtu humu ndani anajua.

Karani akauliza, "Hizi alama kaandika nani?" Dada akajibu, "Baba." Foleni nzima ikacheka. Karani akairudisha karatasi kwa ncha za vidole, kama kashika panya aliyekufa. Mpaka sasa nasikia kinyaa.

Nimeuchapa upya. Kumbe kazi yenyewe ndogo tu: unalaza karatasi kwa mapana, unachagua yote yatoshee ukurasa, halafu unatazama kwanza kwenye kioo cha kompyuta kama mwisho wa mstari unaonekana. Basi! Kalamu haihusiki.

Usajili unafungwa saa sita, wakitukataa tena nafasi yake ya uuguzi imekwenda. Dada yuko mlangoni ananiita. Mlango wa nyuma sijafunga.

~~Chakula changu mpeni Baba.~~ Chakula changu Baba asikionje.

Ile karatasi yako ~~nimeitupa jalalani~~ nilitaka kuitupa, Dada akanipokonya. Kaikunja vizuri, kaitia mkobani. Eti hajawahi kupewa A ya Hesabu na mtu mwingine.

Kitinda mimba wenu