Nyumba Ambayo Kamati Yetu Haikuwahi Kuingia

Jumamosi, jioni. Mvua inanyesha tangu asubuhi, mlima umejifunika mpaka chini, na mimi nimejibanza jikoni kwangu mwenyewe kwa sababu sebuleni kuna mume ambaye hataki kuniona.

Nimeandika, nikafuta, naandika tena. Majina nimeyabadilisha. Kama unasoma na unatufahamu, tafadhali yaishie hapa.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya kijiji inayofuatilia usalama wa wazee na watu wazima wasiojiweza. Tunapita nyumba kwa nyumba kuangalia kama mtu anakula, anaogeshwa, hapigwi, hafungiwi ndani. Mwenyekiti wetu ni Deo, mdogo wake mume wangu. Ni mtu wa watu, kanisani akisimama kila mtu anamsikiliza. Kila tukipanga ziara, nyumba yake inarukwa. Hairukwi kwa kusahau, inarukwa kwa heshima. Nani amkague mwenyekiti?

Na ndani ya nyumba hiyo anaishi mama mkwe wangu.

Mama alianza kupoteza kumbukumbu baada ya baba mkwe kufariki. Kwa mila zetu kitindamimba ndiye anayebaki na wazazi, na ndiye anayerithi kihamba, shamba la ukoo na nyumba iliyomo. Kwa hiyo Mama ni wa Deo. Sisi wengine ni wa kupita kusalimia Jumapili, na siku hizi kila tukipita tunaambiwa amelala.

Alhamisi nilipika mtori nikampelekea bila kumwambia mtu. Uani palikuwa kimya. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa nje. Nilipofungua, harufu ya mkojo ilinirudisha nyuma. Mama alikuwa amekaa sakafuni, blanketi limelowa, mguu mmoja umefungwa kwa kanga kwenye tendegu la kitanda. Kifundo kilikuwa kimechubuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kunipeleka nyumbani?"

Alikuwa nyumbani. Nyumba alimoolewa, alimozalia watoto wote.

Nilikuwa bado nafungua fundo wakati Mama Kelvini, mke wa Deo, aliporudi kutoka Kiboriloni anakouza ndizi. Nilitegemea matusi. Badala yake aliketi mlangoni akalia.

"Mama Neema, nifanye nini? Ameshateremka korongoni peke yake, tukamtoa mtoni akitetemeka kama jani. Deo anashinda vikaoni. Mimi nisipokwenda sokoni watoto hawali. Nimfunge, au nimwache nije nimzike?"

"Deo anajua?"

"Kanga ya kwanza alifunga yeye." Kisha akanishika mkono. "Usiseme. Ukisema, mimi ndiye watakayemwita mchawi, si yeye."

Tulimwogesha Mama pamoja. Alikula mtori wote. Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema atazungumza na mdogo wake wakipata nafasi. "Mambo ya kwetu hayaendi ofisini," akaongeza. Jana walikaa pamoja wakinywa mbege, wakacheka. Nilijua hakuna kilichozungumzwa.

Leo asubuhi afisa ustawi wa jamii, Zuhura, alipanda kutoka Moshi mjini kuja kusikia kazi ya kamati inavyokwenda. Deo alisimama akatoa taarifa. Alisema hapa kwetu hakuna tatizo, wazee wetu wote wako salama mikononi mwa watoto wao. Watu wakapiga makofi.

Mkono wangu ulinyooka.

"Kuna nyumba moja hatujawahi kuingia," nikasema. "Ni ya mwenyekiti."

Sijui kama nilisema kwa ajili ya Mama au kwa sababu yale makofi yalinichoma. Nikiwa mkweli, vyote viwili. Sikumtazama Deo. Niliitazama mvua dirishani na kumfikiria Mama Kelvini, ambaye nilikuwa nimemuuza bila kumwonya.

Tulikwenda wote. Mama Kelvini alikuwepo, na Mama alikuwa ameketi kwenye kiti, safi, hajafungwa. Zuhura alipiga magoti mbele yake, akamwamkia, akamuuliza taratibu kama kuna mtu anamfungia ndani. Mama alimtazama Deo. Halafu akajibu kwa sauti iliyonyooka kuliko nilivyoisikia tangu baba afariki.

"Mwanangu ananitunza. Huyu mwanamke ndiye ana shida. Anataka kihamba changu."

Alikuwa ananionyesha mimi kwa kidole.

Nilitamani ardhi ipasuke. Wajumbe wenzangu waliangalia viatu vyao.

Zuhura hakubishana na mtu. Alimwomba Mama ruhusa, akainua pindo la kitenge, akakitazama kile kifundo. Akainuka, akaenda kulitazama komeo lililo upande wa nje. Kisha akamgeukia Mama Kelvini, akamuuliza, "Na wewe, dada, unasemaje?"

Mama Kelvini alisema, "Nimechoka." Basi. Hakutaja kanga, hakumtaja mume. Ila alilisema lile neno kwa namna ambayo hata Deo aliinamisha kichwa.

Zuhura alisema komeo litoke leo, Mama apelekwe kliniki, mchana asiachwe peke yake, na familia iseme ni nani atakayekaa naye. Deo asiongoze kamati mpaka jambo hili liishe. Na yeye atarudi bila kutoa taarifa. Deo akachukua bisibisi akafungua skrubu mwenyewe, tumesimama tunamwangalia. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi.

Nilimwomba Deo aniachie Mama akae kwangu. Akasema Mama hatoki kihambani, na sasa kila mtu ameona ninachokitafuta.

Mume wangu alinisubiri barabarani. "Umetuvua nguo mbele ya watu," akasema. "Usikanyage tena pale."

Kwa hiyo mlango wa Mama uko wazi, na mimi nimekatazwa kuuingia. Deo hawezi kukaa nyumbani mchana, mkewe hawezi kuacha soko, na Mama hajui kwamba kuna kitu kilitokea. Nikikaa huku nawasaliti wale wanawake wawili, nikienda navunja nyumba yangu.

Muda si mrefu uliopita, kabla giza halijaingia, Mama Kelvini alitokea kwenye migomba, amelowa chapachapa. Hakunisalimia. Nilijiandaa kupokea chochote alicholeta.

"Jumatatu naenda sokoni," akasema. "Mama atakufukuza, usimjali. Ukimwimbia anakula."

Akageuka akaondoka.

Jumatatu nitakwenda. Mama ataniita mwizi, nami nitaimba. Hilo halinitishi. Linalonitisha ni mume wangu, ambaye sasa hivi namsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Nimwambie leo uso kwa uso, au aje kuambiwa na majirani?